Ruta imebadilishwa, waifai ikavurugika: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Tabata

Nyumba yenyewe ipo Tabata, Dar es Salaam. Ni ya chini, vyumba vinne na sebule, kuta za tofali za saruji za inchi 6, korido ndefu katikati. Intaneti inaingia kwa faiba, kifurushi cha Mbps 50. Kampuni ilitundika ONT, yaani kile kisanduku cheupe kinachopokea waya wa faiba, kwenye kona ya sebule nyuma ya televisheni. Pembeni yake ilikuwepo ruta ya siku nyingi ya bendi moja, 2.4 GHz tu, yenye matundu ya Mbps 100. Hiyo ndiyo iliyorusha waifai ya nyumba nzima. Ilipoanza kusuasua nyakati za jioni, ikanunuliwa ruta mpya ya Wi-Fi 6, bendi mbili, 2.4 na 5 GHz, matundu ya gigabiti.

Wenye nyumba waliifunga wenyewe, na mengi waliyapatia. Waya unaotoka ONT ulichomekwa kwenye tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti, programu ya simu ikafuatwa hatua kwa hatua, jina la waifai na nenosiri vikaachwa vilevile vya zamani ili vifaa vijiunge bila usumbufu. Simu tatu zilishika papo hapo. Kipimo cha kasi sebuleni kikasoma Mbps 46. Kufikia usiku, malalamiko yakawa haya:

- kamera za ulinzi hazifunguki kwenye simu, ingawa NVR, mashine inayorekodi picha za kamera hizo, inaendelea kurekodi;
- kompyuta ya mezani inadai printa haipo mtandaoni;
- televisheni imeshika waifai lakini haina intaneti;
- laptopu ya zamani haioni kabisa jina la waifai;
- swichi janja ya taa za nje inakataa kujiunga;
- kati ya saa 1 na saa 4 usiku mtandao unapotea kama dakika mbili, unarudi, kisha unapotea tena;
- chumba cha mwisho kina kasi ndogo kuliko enzi za ruta ya zamani.

Ni malalamiko saba, na yote yalipewa jina moja: waifai mbovu. Huduma kwa wateja wakashauri kuzima na kuwasha, halafu kufanya reset. Ruta mpya ilikuwa imeshafanyiwa reset mara mbili kabla fundi hajaitwa, na kila mara vifaa vilevile viligoma. Afadhali hakuna aliyechomeka sindano kwenye tundu la reset la ONT. Ndani ya ONT kuna jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE, njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni, na mara nyingi namba ya VLAN, inayotenganisha mitandao ndani ya waya mmoja, vyote vikiwa vimewekwa na kampuni. Ukivifuta, si kwamba unabaki na waifai mbovu, unabaki bila intaneti kabisa. Baadhi ya kampuni hurudisha mipangilio hiyo kutoka kwao moja kwa moja. Nyingine mpaka zitume mtu. Reset haikutibu chochote katika kisa hiki kwa sababu hapakuwa na mpangilio ulioharibika. Mipangilio ya kiwandani yenyewe ndiyo iliyogongana na nyumba.

Kupima kipande kwa kipande

Njia ya intaneti ya nyumbani ina vipande vitatu: faiba hadi ONT, ONT hadi ruta, ruta hadi kifaa. Ukivipima vyote kwa pamoja, kwa kufungua video kwenye simu iliyo kitandani, jibu utakalopata halikuelekezi popote.

Kipande cha kwanza kilimalizwa kwa dakika chache. Taa ya PON, inayoonyesha faiba imeunganika, ilikuwa ya kijani bila kupepesa; ya LOS, inayoonya mwanga umepotea, imezimika. Ukurasa wa hali wa ONT ulisoma nguvu ya mwanga inayopokelewa kuwa −21 dBm (kadiri namba ilivyo karibu na sifuri ndivyo nguvu ilivyo kubwa). Kwa GPON ya kawaida, aina ya faiba inayotumika majumbani, kipokeaji huvumilia hadi karibu −27, kwa hiyo hapo pana nafasi ya kutosha. Laptopu ikachomekwa kwa waya moja kwa moja kwenye tundu la LAN la ONT, yaani la vifaa vya ndani: Mbps 48, na amri ya `ping 8.8.8.8 -n 100` ikarudi bila kupoteza hata pakiti moja. Kampuni ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Laptopu ileile ikahamishiwa tundu la LAN la ruta mpya, bado kwa waya. Kasi haikubadilika, Mbps 47. Kwa kasi, basi, ruta ilikuwa nzima. Lakini `ipconfig` ilionyesha kitu kingine: anwani ya kompyuta sasa ilikuwa 192.168.0.103 na lango, yaani njia ya kutokea, 192.168.0.1, wakati kwenye ONT ilikuwa 192.168.1.14 na lango 192.168.1.1. Kisha `tracert -d 8.8.8.8` ikatoa mistari miwili ya mwanzo inayofuatana: 192.168.0.1, halafu 192.168.1.1. Mistari miwili ya anwani za ndani ikifuatana hivyo, kuna ruta mbili zinazofanya kazi ileile, moja nyuma ya nyingine. Kila moja inagawa anwani zake na kubadilisha anwani za pakiti, kazi iitwayo NAT. Ndiyo NAT mbili.

Kwa kuperuzi, kutuma ujumbe na kutazama video, NAT mbili haina madhara unayoweza kuyaona, na ndiyo maana simu zilifurahi tangu dakika ya kwanza. Ruta ya zamani haikuwa imefungwa hivyo. Ushahidi ulikuwa kwenye kabati: tundu lake la WAN lilikuwa na vumbi lililoganda, halijawahi kuguswa, na tundu la LAN la kwanza lilikuwa safi. Fundi aliyeifunga zamani alichomeka waya wa ONT kwenye LAN, akazima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, na kuipa ruta anwani 192.168.1.2. Ilikuwa inarusha waifai tu. Kugawa anwani kulibaki kazi ya ONT, na nyumba nzima ilikuwa mtandao mmoja wa 192.168.1.x. Kwa kuchomeka WAN kama kitabu cha ruta mpya kinavyoelekeza, nyumba ilihamia mtandao wa 192.168.0.x bila mtu kujua, na kila kifaa kilichokuwa kimeandikiwa anwani kwa mkono kikaachwa mtaa wa zamani.

NVR ilikuwa imeandikiwa 192.168.1.108, lango 192.168.1.1, na ilikuwa imehamishiwa tundu la LAN la ruta mpya. Ikawa inatafuta lango ambalo upande huo halipo. Kamera zilikuwa zikiongea nayo kwa nyaya zake zenyewe, kwa hiyo kurekodi hakukusimama. Ila programu ya simu huifikia NVR kupitia seva ya mtengenezaji, na NVR isiyo na njia ya kutoka haiwezi kujitambulisha kwa seva hiyo. Televisheni nayo ilikuwa na anwani ya mkono, 192.168.1.60, iliyowekwa na mtu siku moja wakati wa kutafuta dawa ya tatizo jingine. Maandishi "imeunganishwa, hakuna intaneti" mara nyingi yanamaanisha hivyo, au tatizo la DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Printa ilikuwa imepata anwani mpya kwa njia ya kawaida, lakini kompyuta ya mezani ilikuwa imehifadhi anwani ya zamani kwenye mipangilio ya printa, ikawa inatuma kazi kusikokuwa na mtu.

Malalamiko matatu kati ya saba, chanzo kimoja.

Kurudisha nyumba kwenye mtandao mmoja

Wazo la kwanza la watu wengi hapa ni kubadilisha anwani ya ruta mpya iwe 192.168.1.1, "ili ifanane na zamani". Haitafanya kazi ikiwa waya bado upo kwenye WAN. Ruta haiwezi kuwa na mtandao uleule pande zote mbili. Haitajua pakiti ya 192.168.1.108 iitume ndani au nje. Ruta nyingi za sasa hukataa kuhifadhi mpangilio huo, au hujihamishia anwani nyingine zenyewe. Zile zinazokubali ndizo zinazoleta usiku mrefu.

Wazo la pili ni kuiomba kampuni igeuze ONT kuwa daraja tu la kupitisha data, PPPoE ihamie kwenye ruta mpya. Ni mpangilio mzuri, na kwa anayetaka kudhibiti kila kitu ndio bora, lakini unahitaji kampuni ikubali na ikupe jina na nenosiri la PPPoE. Kwa nyumba hii ungekuwa mzunguko mrefu kwa faida ndogo. Kilichochaguliwa ni kuifanya ruta mpya iwe kama ya zamani ilivyokuwa: kituo cha kurushia waifai.

Kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida chini ya "Advanced" au "System", kuna "Operation Mode". Ukichagua "Access Point" ruta hujiwasha upya, huzima DHCP na NAT yake, na kuanza kuchukua anwani kutoka ONT. Kwenye nyingi tundu la WAN hugeuka kuwa tundu la kawaida, kwa hiyo waya hauhami. Ruta isiyo na chaguo hilo hufanywa kwa mkono, na mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza badilisha anwani ya LAN ya ruta iwe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo, zima DHCP, hifadhi. Mwisho ndipo uhamishe waya kutoka WAN kwenda LAN. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, mitambo miwili itakuwa ikigawa anwani kwa wakati mmoja, na kila kifaa kitachukua ya yule aliyewahi kujibu.

Baada ya kugeuza, 192.168.0.1 haifunguki tena. Hapo ndipo wengi hudhani wameua ruta na kukimbilia reset, na reset inawarudisha mwanzo. Ruta imehama tu. Anwani yake mpya ipo kwenye orodha ya vifaa ya ONT, na hapohapo ilifungiwa 192.168.1.2 kwa MAC yake, namba ya utambulisho wa kifaa, ili isihame tena.

Kulikuwa na bomu jingine kwenye ONT ambalo lilikuwa halijalipuka. DHCP yake iligawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254, yaani karibu anwani zote, ikiwemo .108 ya NVR. Siku vifaa vya wageni vikiwa vingi, simu ya mtu ingeweza kupewa .108, na kamera zingepotea bila ya yeyote kugusa kitu. Mgao ukapunguzwa kuwa .10 hadi .99. NVR ikabaki .108 nje ya mgao. Printa ikafungiwa .35, anwani ambayo kompyuta ya mezani ilikuwa tayari inaijua. Televisheni ikarudishwa kwenye kupokea anwani yenyewe. Hakuna sababu ya televisheni kuwa na anwani ya mkono. Kamera zilifunguka kwenye simu ndani ya dakika chache bila NVR kuguswa.

Gharama ya mpangilio huu isemwe mapema: ruta ikiwa kituo cha kurushia tu, vitu kama kuwapangia watoto muda wa intaneti mara nyingi hupotea kwenye menyu, na mtandao wa wageni huenda usiwatenge wageni na vifaa vya nyumbani. Nyumba inayotegemea vitu hivyo iachane na njia hii, ibaki na NAT mbili, na ihamishie NVR, televisheni na printa kwenye 192.168.0.x. Ni kazi ya nusu saa.

Mtandao unaopotea usiku

Ukurasa wa hali wa ruta una mstari ambao watu huuruka: muda uliopita tangu ruta iwashwe. Saa 3 na nusu usiku ulisoma dakika 11. Hakuna aliyeizima, na umeme wa nyumba haukuwa umekatika. Mtandao haukuwa ukipotea, basi. Ruta ndiyo ilikuwa ikizimika na kujiwasha. Ukiikodolea macho unaona taa zote zinakufa kwa kama sekunde moja, ya umeme inarudi, kisha za bendi mbili zinakuja kwa zamu. Mzunguko mzima ndio hizo dakika mbili.

ONT na ruta zilikuwa kwenye UPS ndogo ya ruta, ile ya betri ya lithiamu ambayo nyumba nyingi huiweka ili intaneti isizimike umeme ukikatika. Ina tundu la USB la 5V, la 9V na la 12V. ONT ilikuwa kwenye 12V. Ruta ya zamani ilikuwa kwenye 9V, na ilistahili, maana adapta yake iliandikwa 9V 0.6A. Ruta mpya ilipofika, kamba ileile iliyokuwa ikitoka tundu la 9V ikachomekwa. Plagi ni ileile ya duara yenye kipenyo cha milimita 5.5, ikaingia bila tabu, taa zikawaka. Adapta ya ruta mpya, yenye maandishi 12V 1A, ilibaki kwenye boksi lake na karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

Kwa nini iliwaka kabisa? Kwa sababu ndani ya ruta umeme hushushwa hadi volti chache tu kabla ya kufika kwenye chipu, na saketi zinazoshusha hukubali kuanzia 9V bila kulalamika mzigo ukiwa mdogo. Mchana simu moja au mbili zikiwa zimeunganishwa, ruta inakula wati tano au sita. Jioni bendi zote mbili zinarusha kwa nguvu, televisheni inavuta video, kamera zinatazamwa, mzigo unapanda kuelekea kilele. Wati 12 kwenye 12V ni ampea 1. Wati zilezile 12 kwenye 9V ni ampea 1.33, na lebo ya UPS inasema tundu la 9V mwisho wake ni ampea 1. Volti inazama, chipu inakosa umeme kwa sehemu ya sekunde, ruta inajiwasha upya. Inapowaka mzigo umepungua, kwa hiyo inasimama vizuri, mpaka watu warudi kwenye video zao.

Multimita inaweza kukudanganya hapa. Ukipima plagi ikiwa imechomolewa utasoma 9V safi na kuihesabia UPS haki. Kipimo cha maana ni cha plagi ikiwa na mzigo, na asiye na kamba ya kupimia hivyo atumie njia rahisi: weka adapta halisi ya ruta kwenye soketi ya ukutani usiku mmoja, asubuhi soma muda tangu iwashwe. Ikiwa umevuka usiku mzima, chanzo umekipata.

Kosa la kinyume ni baya zaidi: kifaa cha 9V au 5V kikichomekwa kwenye 12V kinaweza kuungua papo hapo. Kabla ya kuchomeka, soma vitu vitatu kwenye lebo ya chini ya ruta: volti iwe ileile, ampea za adapta au UPS ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa duara uonyeshe alama ya kujumlisha ipo katikati kwa pande zote mbili.

Kuna waliopendekeza kamba ya kugawa tundu la 12V mara mbili, ONT na ruta zikule pamoja. Hesabu inakataa. ONT 12V 1A na ruta 12V 1A ni wati 24 kwa lebo, na UPS ile yote kwa jumla ni wati 18. Ingekwenda siku nyingi bila tatizo na kuanguka siku ya mzigo. Ikanunuliwa UPS ndogo yenye matundu mawili ya 12V na jumla ya wati 36.

Vifaa vinavyogoma kujiunga

Swichi janja ya taa za nje ilikuwa inaona jina la waifai, inapokea nenosiri sahihi, kisha inakataa. Ruta mpya ilitoka kiwandani ikiwa kwenye ulinzi wa mseto, WPA2 na WPA3 pamoja. Mseto huo umekusudiwa kuvumilia vifaa vya zamani, lakini vifaa vingi vya bei ndogo vyenye chipu ya 2.4 GHz huchanganyikiwa na tangazo lake na kushindwa kukamilisha salamu ya kujiunga. Hali kadhalika simu za zamani na baadhi ya printa. Bendi ya 2.4 ikawekwa "WPA2-PSK" na "AES", njia ya kuficha data inayopita hewani. WPA2 ni ya mwaka 2004, WPA3 ilitangazwa 2018. Kwa matumizi ya nyumbani yenye nenosiri refu, WPA2 ya AES bado inafaa. Usichague "TKIP", njia ya zamani zaidi ya kuficha data, wala "TKIP+AES" kwa kudhani unaongeza uvumilivu: kifaa kitakachoangukia TKIP hakiruhusiwi kwenda zaidi ya Mbps 54 za enzi za zamani, na ulinzi wenyewe ni dhaifu.

Pamoja na hilo kulikuwa na "Smart Connect", inayozipa bendi zote mbili jina moja na kuiachia ruta iamue kifaa kiende wapi. Kwa nyumba hii ikazimwa. Jina la zamani likaachiwa bendi ya 2.4 peke yake, kwa sababu kila kifaa kilichokuwa ndani tayari kinalijua, na vifaa visivyoweza kitu kingine zaidi ya 2.4 ndivyo hasa vigumu kuvipangia upya. Bendi ya 5 GHz ikapewa jina jipya, na simu, televisheni na laptopu zikaunganishwa huko kwa mkono, mara moja tu. Kwenye simu zilizokuwa zinang'ang'ania mipangilio ya zamani, "Sahau mtandao" kisha kujiunga upya kulitosha.

Laptopu ilikuwa kesi yake. Iliona waifai za majirani sita, ya nyumbani haikuiona. Dalili hiyo haina uhusiano na nguvu ya mawimbi; mtu aliyekaa mita mbili kutoka kwenye ruta hawezi kuikosa na kuwapata majirani. Kadi yake ni ya Intel ya kizazi cha kabla ya Wi-Fi 6, na draiva yake ilikuwa haijasasishwa tangu inunuliwe. Draiva za zamani za kadi hizo hushindwa kusoma tangazo la ruta ya Wi-Fi 6 na huliruka kabisa. Intel walishatoa draiva zinazorekebisha. Laptopu ikachomekwa kwa waya, draiva mpya ikapakuliwa kutoka tovuti ya Intel, si ile ambayo Windows hudai kuwa ndiyo ya karibuni, ikawashwa upya, jina likatokea. Kwa mashine isiyo na draiva mpya, dawa ni kuzima hali ya "ax", yaani Wi-Fi 6, kwenye bendi ya 2.4 tu. Hupotezi cha maana. Vifaa vya haraka vipo 5 GHz.

Chumba cha mwisho

Hapa ruta mpya ilionewa. Simu iliyokuwa kitandani chumba cha mwisho ilisoma −79 dBm kwenye 5 GHz na −68 kwenye 2.4. Kwa video unataka −67 au bora zaidi. Ukifika −75 kasi inaporomoka, na −80 ni kushika kwa kucha. Mawimbi ya 5 GHz huchoka haraka kupita kuta za saruji, na kati ya kona ya sebule na chumba hicho kuna kuta tatu, na kabla yake stendi ya televisheni ya chuma. Ruta ya zamani, kwa kuwa ilikuwa na 2.4 tu, ilifika kwa shida lakini ilifika. Mpya, kwa sababu ya Smart Connect, ilizishikilia simu kwenye 5 GHz yenye mawimbi hafifu badala ya kuzishusha kwenye 2.4. Kutenganisha majina peke yake kuliirudisha simu ya chumbani kwenye hali ya zamani.

Bendi ya 2.4 nayo ilikuwa na fujo yake. Programu ya kupima waifai kwenye Android ilionyesha jina la kiwandani la ONT likiruka kwenye chaneli ya 6, ilhali waifai ya ONT ilikuwa imezimwa tangu zamani. ONT nyingi zina kitufe cha WLAN ubavuni, na mkono unaohamisha nyaya nyuma ya televisheni hukibonyeza bila kujua. Pembeni yake, ruta mpya ilijichagulia chaneli ya 8 yenye upana wa 40 MHz. Mitambo miwili, umbali wa futi moja, ikipigiana kelele. Isitoshe, simu za watoto zilikuwa zimehifadhi nenosiri la stika ya ONT, zikawa zinarukia huko bila mwenyewe kuamua. Waifai ya ONT ikazimwa kwenye ukurasa wake. Bendi ya 2.4 ya ruta ikawekwa chaneli ya 11, upana 20 MHz, kwa kuwa majirani wengi walikuwa kwenye 1 na 6. Chaneli ambazo hazigusani ni hizo tatu tu, 1, 6 na 11. Bendi ya 5 GHz ikawekwa chaneli ya 44. Kati ya 52 na 144 ruta hulazimika kusikiliza rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na vifaa vingine vya bei ndogo huwa havizioni kabisa.

Kilichobaki ni mahali, na hicho hakuna menyu inayokitibu. Ruta ilitolewa nyuma ya televisheni ikatundikwa juu ukutani katikati ya korido. Ukavutwa waya wa Cat5e wa mita 15 kutoka ONT kupitia juu ya dari, ncha zote mbili zikabanwa kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wa 12V ulitoka kwenye UPS mpya iliyohamia juu ya kabati la korido, na ONT ikaongezewa kamba ya kufika huko. Umeme wa 12V ukiuvuta mbali kwa waya mwembamba unapoteza volti njiani, kwa hiyo kamba hiyo ilikatwa ya urefu wa kutosha tu na kuchaguliwa nene. Chumba cha mwisho sasa kinasoma −64 kwenye 5 GHz na Mbps 41.

Waya wa zamani uliokuwa kati ya ONT na ruta una nyuzi nne badala ya nane. Kwa nyuzi nne mwisho ni Mbps 100. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kwa kifurushi cha Mbps 50 hakuna aliyewahi kuona tofauti, na haukutupwa: ndio unaounganisha NVR na ONT sasa, ambako kamera nne zikitazamwa kwa pamoja hazifiki hata robo ya uwezo wake.